Sikio Lisilojua Utani

Tovuti ya Luhuji niliijenga mimi. Waulize watu wa mji huu, watakwambia: bila Edeltruda Mbano isingesimama. Sawa, ukiwauliza vizuri watakwambia pia kwamba kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki na kusema, na kwamba siku ya kwanza nilishindwa kukiwasha kishikwambi, nikakipiga makofi mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Nimesoma mpaka darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililirudia. Lakini kwenye kusema sina mwenzangu, na hofu yote ninayoisimulia hapa ilianzia kwenye kusema huko.

Tulikuwa wazee saba, tunaitwa Vinywa. Kwa miezi mitano tuliingia kwa zamu katika lile jengo lililokuwa ghala la kahawa, tukapewa chai na mkate, kisha mmoja mmoja tukakaa mbele ya Sikio. Sikio ni kidude cheusi, ukubwa wa andazi, kimewekwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma. Unataja mtu. Unasema huyu ni fulani, namjua, amezaliwa kijiji fulani mwaka ule wa nzige, mama yake alikuwa na kidole cha sita. Sikio halisikilizi maneno tu. Linasikiliza pumzi, koo, na ulimi unavyokauka. Ukisema unachokiamini, inawaka taa ya kijani. Ukisema usichokiamini, nyekundu. Mafundi walilifundisha kwa sauti za waongo elfu sitini. Waliwatoa wapi sijui, ila wangeniuliza mimi ningewapa wa mtaani kwetu na wengine wangebaki.

Yote haya kwa sababu ya Ufutiko. Siku ile mitambo ilipojisafisha yenyewe tuliamka hatuna majina, maana vyeti vya karatasi tulishavichoma, tulikuwa tumeambiwa havina kazi tena. Wiki haikuisha, wakatokea wanaume kumi na mmoja, kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye Mwalimu Gama na ile nyumba ya vigae ni yake, wakati Mwalimu Gama mwenyewe alikuwa na miaka miwili kaburini. Ndipo ikatungwa sheria: hakuna mtu shahidi wa nafsi yake. Utakuwa wewe pale tu mwingine atakaposema kwamba ni wewe.

Sasa ilikuwa imebaki siku moja kabla ya uzinduzi. Nje walikuwa wanafunga mahema na kupanga viti vya wageni, kwaya inarudia wimbo ule ule kwa mara ya tisa na sauti ya pili inapotea pale pale. Ndani, fundi mkuu alikuwa ametuita tuijaribu tovuti kama wananchi wa kawaida. Fundi huyo ni Batuli Likungwa, Myao wa watu, mwembamba kama ufito, hali chakula mpaka akumbushwe. Kila mmoja aliweka kidole, ukurasa wake ukafunguka, akaangalia kama jina, kijiji na ndugu vimekaa sawa. Wangu ulikuwa sawa isipokuwa picha. Nimefumba jicho moja kama mtu anayelenga ndege.

Akaja Akwilini Kihwele. Akwilini ni fundi bomba mstaafu, anavaa koti la sufu hata jua likiwaka, na ni Mhehe. Mimi ni Mngoni, mtani wake wa jadi. Kwa hiyo katika miaka arobaini hakuna siku tuliyowahi kusalimiana kama watu. Aliingia akaniuliza kama leo nimeoga au nangoja mvua, nikamwuliza kama mbwa wa jirani ameonekana, maana Wahehe tunawasingizia kula mbwa. Akaweka kidole.

Kwenye kioo ikatokea sura yake ndani ya fremu nyeusi. Chini yake ua moja jeupe. Chini ya ua, maandishi: Marehemu Akwilini Kihwele. Apumzike kwa amani. Amethibitishwa na Kinywa namba nne.

Namba nne ni mimi.

Akwilini alicheka mpaka akashika meza. Akasema tangu enzi za vita vya babu zetu Wangoni wamejaribu kumwua Mhehe, leo wamefaulu, na bado imebidi wasaidiwe na mashine. Wazee wote wakacheka. Nami nikasema mbwa wa kata nzima walinichangia, nisingeweza kuwaangusha. Tukacheka tena.

Batuli hakucheka. Aliniuliza maneno yale niliyasema lini, na aliniuliza taratibu sana, kama muuguzi anayekuuliza maumivu yalianza upande gani.

Nilikumbuka. Ilikuwa siku ya kwanza kabisa. Batuli alitaka kupima sauti tu, akaniambia bibi, sema chochote. Akwilini alikuwa anapita dirishani amebeba kiti kichwani. Nikasema: "Yule pale ni Akwilini Kihwele. Amekufa. Nimemzika mimi kwa mikono hii, na mbwa wakafanya sherehe siku tatu."

Na taa iliwaka kijani. Niliiona.

*

Batuli alinitoa nje, akanipeleka nyuma ya ghala penye magunia ya zamani, tukawaacha wenzetu na vicheko vyao. Alinieleza kwamba Sikio halikukosea, yeye ndiye aliyekosea. Mwongo anaogopa kukamatwa, na ile hofu ndiyo Sikio linayoinusa. Mtu anayemtania mtani wake hana hofu. Hadanganyi, maana haombi aaminiwe. Sikio lilijua kweli na lilijua uongo, na lile jambo la tatu, ambalo sisi tunalifanya msibani na harusini tangu tumezaliwa, halikufundishwa na yeyote. Lilikosa pa kuliweka, likaliweka penye kweli.

Nikamwambia basi, afute. Ni kidole kimoja tu.

Akanionyesha mikono yake, viganja juu, kama mtu anayeonyesha hakuiba. Daftari la tovuti lilifungwa siku saba zilizopita na halina kidole cha mtu ndani yake, si chake wala cha mkubwa yeyote. Ndiyo maana watu wameliamini. Nikamwuliza kuhusu kuahirisha. Akasema lile daftari la muda tunalotumia sasa linakufa kesho saa nne asubuhi, na hilo limepangwa kutoka juu. Tovuti isipowashwa saa ile ile, watu elfu arobaini wataamka tena hawana majina, na zahanati haimfungulii asiye na jina.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini. "Bibi, Babu Akwilini si ana kifaa kifuani?"

Nani hajui? Ana kidude cha kusukuma moyo, kiliwekwa miaka sita iliyopita, na kovu lake amelionyesha kila mtu aliye na pombe ya ulanzi mkononi. Vidude vile ni vichache, ni mali ya wilaya, mtu anaazimwa. Kila asubuhi kinauliza mtambo swali moja: mwenye kifua hiki yupo? Kikijibiwa yupo, kinaendelea. Kuanzia kesho saa nne kingekuwa kinaiuliza tovuti yetu.

"Na kikijibiwa hayupo?"

"Kinajizima, bibi. Kinangoja kutolewa apewe mwingine."

Nimezika mume, nimezika watoto wawili, sikumbuki miguu yangu kuwa baridi namna ile. Kwaya ilikuwa imefika tena pale inapopotea. Nikamwuliza Batuli kama hakuna mlango wowote, akasema upo mmoja, na akausema kwa furaha, maskini, kama mtu anayekupa dawa. Kinywa chenyewe kinaweza kuliondoa neno lake. Unaketi mbele ya Sikio, unasema nililolisema si kweli, na kwa nini. Nilikuwa nimeshasimama. Nikamwambia twende, hata chai sitaki.

"Haichukui muda," akasema huku tunatembea. "Nitalifundisha kwanza Sikio sauti yako ya utani, isilipite tena. Halafu litakuuliza upya maneno yako yote, moja moja. Ndiyo kanuni. Neno moja likianguka, mengine yote yanapimwa tena. Una mia mbili na kumi na moja. Wewe ni mkweli, bibi, utamaliza kabla ya chakula."

Miguu ikasimama yenyewe.

Nilimwambia nimesahau dawa zangu za presha nyumbani. Nitakuja kesho mapema. Alinitazama usoni, akataka kusema kitu, akasema tu kwamba baada ya saa tatu hataweza kunisaidia, mtambo utakuwa umeanza kusambaza majina kwenye mabomba, zahanati na vifaa vyote. Nikamwambia nimesikia. Na presha ninayo kweli, tusisingiziane. Ila dawa zilikuwa mfukoni.

*

Katika mia mbili na kumi na moja, mia mbili na tisa ni kweli tupu. Moja ni utani wa dirishani. Moja ni Lurdes, na mtoto wake ameandikwa chini yake.

Lurdes anakaa kwenye chumba cha uani kwangu na binti yake, Filomena, anayekwenda miaka sita. Walivuka mto miaka minne iliyopita, kutoka ng'ambo kwenye vumbi. Kule waliacha migodi wazi walipomaliza kuchimba, na upepo ukaanza kazi yake. Mtoto alikuwa mgongoni, anakohoa, na alichokuwa anakitema kilikuwa cheusi kama masizi ya sufuria. Niliwapa maji, nikawapa mkeka, nikasema walale siku mbili. Ndiyo siku mbili hizo.

Asiye na Kinywa cha kumsemea, hapigwi wala hafungwi. Ijumaa linakuja gari la mtoni, limepakwa rangi nzuri ya buluu, wanapewa mkate na chupa ya maji, wanasaidiwa kupanda, wanashushwa ukingoni. Huwa nasema afadhali wangekuwa wanatukanwa. Ule mkate unanitisha kuliko rungu.

Kwa hiyo Jumatano moja, mwezi wa pili wa kazi yetu, nilikaa mbele ya Sikio nikasema Lurdes ni mtoto wa marehemu kaka yangu Wigbert, amezaliwa nyumbani kwangu, kitovu nilimkata mimi, na alilia kama honi ya lori. Hakuna hata neno moja la kweli hapo. Na unajua nilivyosema? Nilimweka Akwilini mbele ya macho yangu, pale pale kwenye meza, na koti lake, nikasema yote kana kwamba namnyonyoa yeye manyoya. Taa ikawaka kijani.

Ulidhani nilikuwa nimeusahau utani wa dirishani? Sikuusahau hata siku moja. Niliiona ile taa ikiwaka kijani siku ya kwanza, nikajua Sikio lina mlango wa nyuma, nikanyamaza ili nisije nikafungiwa. Ningesema siku ile ile Batuli angefuta, maana daftari lilikuwa halijafungwa. Nilikaa kimya miezi mitano juu ya kifua cha mtani wangu. Kile kifaa sikukifikiria. Nimejiuliza mara nyingi kama sikukifikiria au sikutaka kukifikiria.

Mchana ule nilimkuta Lurdes anapiga pasi gauni la Filomena la uzinduzi. Aliweka pasi ya mkaa pembeni, akanikaribisha karanga, akaniuliza, "Shangazi, picha yangu imetoka vizuri?" Alikuwa ananiita shangazi hata tukiwa wawili tu, ili ulimi uzoee. Nilimwambia imetoka vizuri, tena ya kwake ina macho yote mawili. Akaniambia kesho yeye na mtoto watakwenda mapema kwenye bomba la sokoni, anataka kufungua maji kwa kidole chake mwenyewe. Hataki ndoo ijae. Anataka kuyaona yakitoka tu.

Filomena alikuwa anakimbia uani na tairi la baiskeli, anakimbia mpaka anaishiwa pumzi, halafu anavuta pumzi na inaingia yote, safi, haikwami popote. Nilikuwa nimekuja kumwambia mama yake. Nilikula karanga zile zote, sikumwambia kitu. Ningemwambiaje? Kwamba kesho kuna mtu atapotea, na nichague ni nani? Maana nikienda kuutaja utani wangu, Sikio litajua utani. Na likijua utani, nikifika kwenye jina lake litawaka jekundu, hata nikisema nikiwa nimesimama kwa kichwa.

*

Jua lilikuwa halijazama Akwilini alipobisha. Hakuniuliza habari ya nyumbani. Aliingia, akatandika mkeka sebuleni mwenyewe, akajilaza chali na koti lake, akajifunika kitenge changu mpaka kidevuni, akafumba macho. Batuli alikuwa amemwambia kila kitu.

"Haya, Mngoni," akasema. "Mimi ni maiti yako. Fanya kazi ya watani. Nataka nisikie mwenyewe, watu wengi hawapati nafasi hiyo."

Wasiojua mambo yetu wanaweza kuona ni kufuru. Kwetu, akifa Mhehe, sisi watani wake ndio tunaoziba njia jeneza lisipite, ndio tunaolala kaburini tukikataa kutoka, ndio tunaowaambia wafiwa kwamba marehemu alikuwa mlafi na mchoyo. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na mzigo unapungua. Hiyo kazi nimeifanya tangu nina ziwa changa. Nikavuta pumzi, nikaanza: tumempoteza mtu aliyeziba mabomba ya mji mzima ili aitwe kuyazibua. Nikasema alikuwa na koti moja na meno mawili na havikuwahi kukutana na maji. Nikataka kuendelea na mbwa.

Sauti haikuja.

Akwilini alifungua jicho moja. Miaka arobaini, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimeishiwa maneno mbele yake. Akakaa kitako, akakunja kitenge kwa makini, pembe kwa pembe, kama kitu cha mtu mwingine.

Nilimpa viazi vitamu vya mchana, akala kimoja. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba yeye na kaka yangu Wigbert walilala kambi moja miaka sita wakichimba mitaro ya maji. Wigbert alikuwa anaogopa mto hata wa kuvuka kwa daraja. Ng'ambo hakuwahi kwenda. Na mtoto hakujaliwa, alilia habari hiyo kila akilewa.

Nikamwuliza amejua tangu lini. Akasema tangu siku waliyofika.

"Umemwambia nani?"

"Ningemwambia nani? Mbwa?" Akameza kiazi. "Usiende kesho, Mngoni."

Nikamwambia kifua chake kitazima. Akatikisa kichwa kama mtu anayemsikitikia mwanafunzi mzito. Akasema kile kidude hakipo. Kilitolewa mwezi wa tano, alipokwenda kwa mabingwa, ile safari aliyosema amekwenda kumwona mdogo wake. Walimpima wakaona moyo umejirekebisha, wakakitoa apewe mgonjwa mwingine. Hakusema kwa sababu kovu lilikuwa bado linamletea ulanzi. Kwa hiyo kesho hazimiki mtu. Yeye atakuwa marehemu mwenye afya, hataitwa tena kwenye mikutano ya mtaa, na maji atakunywa kwangu.

Nikamwambia afungue vifungo nione. Akalifunga koti mpaka shingoni, akasema Mhehe hafungui shati mbele ya Mngoni, ataibiwa vifungo.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa moyo wangu wote. Nilimwamini kama mtu aliyechoka anavyokiamini kiti: haangalii miguu ya kiti, anakaa tu. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi nikapitia dirisha la uani, nikawaona mama na mtoto wanapaka viatu rangi, nikalala usingizi mzuri. Naona aibu kuuandika uzuri wa usingizi ule.

*

Asubuhi, saa moja na nusu, mimi na Akwilini tulikwenda ghalani. Mahema yalikuwa yamejaa. Ukutani nje walikuwa wameweka kioo kikubwa kinachohesabu kurudi nyuma, masaa, dakika, na chini yake watoto wa shule wanakipigia makofi kila dakika ikianguka. Nilipita pale nimeinama. Akwilini alisimama mara mbili njiani kuvuta pumzi, akasema ni kilima. Luhuji hakuna kilima kati ya kwangu na ghalani, lakini nilikubali kwamba ni kilima.

Batuli alikuwa peke yake na mitambo, macho mekundu. Sikio lilikuwa tayari mezani, limewashwa, linaningojea. Nilimwamkua mimi yeye, kwa kuchanganyikiwa, mtoto aliyezaliwa mimi nina wajukuu. Akaniitikia hivyo hivyo naye akachanganyikiwa. Nikamwambia habari njema. Haina haja tena. Kifaa kilitolewa tangu mwezi wa tano.

Alishusha pumzi, akashika ukingo wa meza. Nilidhani atalia. Lakini fundi ni fundi. Akauliza hospitali gani. Akwilini akasema ya mabingwa. Akauliza mbona haikuandikwa popote. Akwilini akajibu kwamba baada ya Ufutiko nani alikuwa anaandika. Ilikuwa hoja nzuri, nami nikaitikia kwa kichwa, nikasema kweli, nani alikuwa anaandika. Nilikuwa nimeshaanza kuufunga mtandio wangu tuondoke. Zilibaki dakika sabini saa tatu igonge.

Batuli akalisogeza Sikio upande wa pili wa meza.

"Liseme hapa, babu," akasema. "Kama ulivyomwambia bibi jana. Basi nitalala usingizi."

Akwilini akasema maiti haziongei na mashine. Batuli hakucheka. Akwilini akasema umri wake si wa kusumbuliwa bure. Batuli akamwomba tena, kwa adabu, akamvutia kiti. Hapo mtani wangu aliniangalia, na nilijua anachokitafuta. Alikuwa anatafuta ile sauti ya utani. Anaijua kama mimi, angeitumia ingempitisha mlangoni bila kubishwa hodi. Alichohitaji ni mimi nimchokoze kidogo, nimpe neno moja tu la kuanzia, la mbwa, la koti, lolote.

Sikuwa nalo. Nilikuwa naangalia vifungo vyake, vimefungwa mpaka shingoni, na kidole kimoja kilivyokuwa kinavigusa, kinashuka, kinapanda, kinavihesabu.

Akainama kwenye Sikio. "Kifaa changu kilitolewa," akasema. "Moyo unapiga wenyewe."

Taa ikawaka nyekundu.

Nje watoto walipiga makofi, dakika imeanguka. Kwenye kioo yakatokea maandishi, polepole, herufi kwa herufi, kwa heshima ile ile ambayo Batuli aliiweka mwenyewe ili wazee wasijisikie vibaya: Marehemu Akwilini Kihwele haamini anachokisema.

Niliufungua mtandio. Nikalishika Sikio kwa mikono miwili, nikalirudisha upande wangu wa meza, nikavuta kile kiti cha plastiki. Nilikuwa na kiu, na nilijua ni saa hizi Lurdes amefika kwenye bomba la sokoni na mtoto amevaa gauni lake. Nikamwambia Batuli aanze na lile la dirishani. Akaniuliza kama niko tayari na mengine mia mbili na kumi. Nikamwambia anipe maji kwanza.

Akwilini akanishika mkono, kifundoni, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Nenda nyumbani, Mngoni," akasema. "Mimi siogopi."

Na Sikio, ambalo hakuna aliyekumbuka kulizima, likawaka tena jekundu.